Mama wa Kwenye Sanduku

Jumapili, alasiri

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, katikati ya masufuria yako. Natumaini hujambo, na kwamba goti limepunguza ukorofi tangu uanze kumenya viazi ukiwa umekaa. Na macho je? Ulisema moshi wa jiko la shule unayawasha hata siku za mapumziko. Usiyafikiche kwa mikono yenye pilipili, nakujua. Nisalimie wenzako wote wa jikoni, hata yule anayekuficha mwiko.

Huku sisi wazima. Mtoto wetu mdogo ana miezi tisa sasa, ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu. Kila akinyonya naona nyota mchana kweupe. Shemeji yako bado yuko na watu wa barabara. Barabara inakwenda mbele, naye anazidi kwenda nayo, lakini wiki iliyopita alituma salamu akasema nikwambie usikate tamaa, siku moja hiyo lami itafika mlangoni kwako naye akiwa juu yake.

Barua yako niliipata Jumanne nikiwa kazini. Niliisoma nimejificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, upepo unayasukuma, maneno yako yanakuja na kuondoka pamoja na kivuli. Umeandika kwamba shule ikifungwa utakuja. Umeandika kwamba mmekusanya viatu walivyoviacha wanafunzi wanaomaliza, mkavishona, mkavipiga rangi, na kwamba hutaki kumpa mtu avilete. Unataka uje navyo mwenyewe pale kwenye kituo cha watoto, uwavalishe mmoja mmoja kwa mkono wako. Dada, nilifurahi. Halafu nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa.

Kwa hiyo nakuomba, kabla hujafunga mzigo, usome barua hii mpaka chini. Kuna jambo nililifanya kuhusu nafasi ya mwanangu Chiriku pale kituoni, na sijawahi kukuandikia. Katika barua zangu zote nimekusifia kile kituo mpaka ukakipenda, lakini kipande hiki nilikiruka kila mara. Sasa sina budi. Nitaanza mwanzoni kabisa, maana nikianzia katikati utaitia hii karatasi jikoni kwako iive.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka juzi. Chiriku alikuwa na miaka minne na nusu, anaongea kutwa nzima kama ndege wa jina lake, nami sikuwa na wa kumwachia. Nilikwenda naye kazini. Kazi yangu ni ya pasi, mashuka ya nyumba za wageni, meupe, kuanzia asubuhi mpaka jua linapolegea. Mtu ukinyoosha weupe ule kwa saa nyingi, akili inaachana na mwili. Mvuke unapanda, dirisha linatoka jasho, na kuna wakati naona kama si shuka ninalonyoosha, ni ukungu, na nikimaliza kuukunja nitaukuta ulimwengu wote umekaa sawa chini yake. Chiriku alikaa chini ya meza akizungumza na miguu yangu. Siku moja nilikuwa mbali namna hiyo, nimesimama lakini simo, akavuta waya. Pasi ikamlamba mkono. Mwenye dobi, aliyeniajiri, hakunigombeza. Alisema tu, kwa upole unaouma, kwamba nikija tena na mtoto tuje kuaga wote wawili.

Mwenzangu anayekamua nguo ndiye aliyeniambia habari za kituo. Ni vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya seremala. Wamekianzisha wanawake watano tu, hakuna tajiri hata mmoja kati yao, na mkubwa wao ni mkunga mstaafu. Hata sasa watu humwita Mkunga na yeye huitika. Watoto wanafundishwa kusoma, wanapata supu na mkate mchana, wanaangaliwa meno na masikio. Vumbi la mbao linapenya kwenye nyufa za ukuta wa seremala, na jua la mchana likiingia unaliona linaelea juu ya vichwa vyao, linametameta, halitui. Siku ya kwanza Chiriku alitoa ulimi alionje. Nikajua hapa ndipo.

Lakini wanapokea watoto waliofiwa. Nafasi ni ishirini na nne kwa sababu vikombe ni ishirini na vinne. Tangazo lilikuwa ukutani, nililisoma nikiwa kwenye foleni, na sikutoka kwenye foleni. Nilijiambia nitamweleza Mkunga hali yangu, huenda akanionea huruma. Ila aliyekuwa anaandikisha hakuwa Mkunga. Alikuwa mzee mmoja wanayemwita Karani, miwani yake imefungwa kwa uzi, sikio moja halisikii vizuri. Akaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikasema mama. Akaishusha miwani, akanitazama toka juu mpaka chini. Umbo langu unalijua, mpaka leo wauza maduka huniuliza kama nimetumwa. Akasema, “Mama? Mbona mdogo?” Nami kwa uchovu wangu nikacheka, nikamjibu, “Ndiyo mzee, mama mdogo.”

Nilikuwa natania. Yeye akaandika. Nikamwona anaandika polepole, kwa herufi nzuri kabisa: *mama mdogo*. Halafu akainua kichwa, sauti imebadilika imekuwa ya msibani, akaniuliza kama mama mzazi alitangulia siku nyingi.

Hapo nilielewa, dada. Sitaki kukudanganya kwamba sikuelewa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana mzee, umesikia vibaya, mimi ndiye niliyemzaa. Nikageuka nikamtazama Chiriku. Alikuwa amekaa kwenye benchi na mkono wake wenye bandeji, ameshapewa kipande cha mkate, anakila akiimba. Nikainamisha macho. Karani akanipa pole, akaandika. Sehemu ya baba akapiga mstari. Kosa la kwanza lilikuwa la sikio lake. La pili ni langu, na nililifanya bila kufungua mdomo.

Tulipotoka nje nilimwambia Chiriku kwamba pale kituoni kuna mchezo, aniite mama mdogo. Akauliza kama kuna zawadi. Nikasema zawadi ni mkate kila siku. Akakubali.

Nikaanza kulala usingizi. Nikipata nafasi nilikwenda kuwasaidia kuosha vikombe, kama kulipa. Na wale wanawake walinipenda, hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Mdogo wetu alipozaliwa walinisifu mbele ya watu, eti tazameni msichana huyu, ana wake mgongoni na bado hajamtupa wa dada yake. Nilikuwa nikitabasamu nikitazama sakafu. Dada, sifa usiyostahili ni kama kuvaa nguo iliyolowa. Kila mtu anaiona inang'aa, wewe unasikia baridi.

Sasa nikueleze habari za masanduku. Mkunga anasema katika kazi yake aliona watoto wengi waliofiwa wakiambiwa nyamaza, usimtaje, na wanakua na shimo wasilojua limetoka wapi. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya supu, kila mtoto anatolewa boksi lake la viatu, amelibandika karatasi za rangi, na ndani kuna kitu cha mtu wake. Kitufe, kitana, kadi ya hospitali. Wanakaa sakafuni, wanafungua, na anayetaka anazungumza na cha kwake. Chumba kinatulia mpaka unasikia randa ya seremala inavyopita kwenye ubao upande wa pili, pole, pole, kama mtu anayepumua. Mle ndani nilijifunza kwamba watoto hawaogopi wafu. Wanawaeleza habari za supu.

Kuna msichana mmoja tunayemwita Bibi, maana huzungumza ameshika kiuno. Ana miaka saba. Sanduku lake lina mkanda wa baba yake. Kila Ijumaa huupima kiunoni, huuzungusha mara mbili, kisha humwambia baba yake bado, bado kidogo.

La Chiriku lilikuwa tupu. Ijumaa mbili alikaa na kifuniko mapajani. Ya tatu akaweka karatasi ya peremende. Mkunga akaniita pembeni, akanishika mkono, akanisihi nisimfiche mtoto mama yake kwa sababu ya uchungu wangu mwenyewe. Nilete kitu, chochote, na nimsimulie alikuwa mtu gani. Nilikwenda nyumbani nikafungua lile sanduku letu la bati. Nikachukua picha moja na kitambaa kimoja. Nikavipeleka. Na nilipoulizwa alikuwa mtu gani, nikasimulia mpaka Mkunga akajifuta macho.

Tangu siku hiyo Chiriku alianza kuniponyoka. Si kwa ghafla. Kwanza alianza kuniletea ndoto zake asubuhi. Mama wa kwenye sanduku amekuja akitembea juu ya mvuke, miguu haigusi chini. Mama wa kwenye sanduku amemsuka kwa nyuzi za mwanga, na hazikuuma, si kama mimi ninavyomvuta. Mama wa kwenye sanduku amepiga mluzi na mashuka yote ya ulimwengu yakajikunja yenyewe. Nilikuwa nikimsikiliza huku nikimnyonyesha mdogo wake, na ziliingia hata kwangu. Nikiwa kazini, kwenye mvuke, nilimwona na mimi.

Halafu akaanza kuniita mama mdogo hata nyumbani. Nilimwambia hapa hakuna mchezo, hapa mimi ni mama. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima aliyesahau jambo, akasema, “Najua, mama mdogo.”

Wiki mbili zilizopita alipatwa na homa. Nilitoka kazini mchana, mwenye dobi kavimba, sikujali. Nilimweka kitandani, pazia likawa linapumua dirishani, nikawa namkanda kwa maji. Midomo yake ilikauka. Akaita mama. Nikainama nikamwambia nipo, mama nipo hapa. Akafumbua macho, akanitambua vizuri tu, akasema, “Si wewe. Yule.”

Dada, yule ni wewe.

Picha ni ile uliyopigwa siku unaondoka, umecheka mpaka pengo linaonekana. Kitambaa ni kile chako cha kijani, ulichonifunga kichwani ukaniambia nisilie, kitanivusha. Nilikuua, dada yangu. Nilikuua kwa kalamu ya mtu mwingine, nikakulaza ndani ya boksi la viatu, na kila Ijumaa watoto ishirini na nne wamekuwa wakikutakia upumzike. Wewe huko unasonga ugali na kunung'unikia goti, huku kwetu una marehemu mbele ya jina lako. Nilipoambiwa nisimulie, sikubuni kitu. Nilisema unavyopiga mluzi ukikoroga. Nilisema unavyoigombeza sufuria ikiungua kana kwamba ina masikio. Nilisema ulinilea mimi tangu nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, ukasahau kuolewa. Nilipotakiwa kueleza mama mzuri anafananaje, sikuwa na mwingine wa kumchukua. Hiyo siyo sababu ya kusamehewa. Ni ukweli tu, nao nakupa.

Na sasa barua yako inasema unakuja kituoni, na viatu mkononi.

Jumanne ile ile, jua halijazama, nilimkalisha Chiriku kwenye ngazi nikamwambia yote. Nilisema polepole. Yule wa kwenye picha si mama yako, ni dada yangu, ni mama yako mkubwa. Mimi ndiye niliyekuzaa. Na yeye hakufa, yuko hai, anapika, na anakuja. Katika maneno yote hayo alisikia moja tu. Akasimama, akaniuliza kama kweli hakufa. Nikasema kweli. Akaruka ngazi zote kwa mara moja, akazunguka uani akipiga kelele kwamba mama yake hakufa, mama yake anakuja. Nilimfuata nikimwita. Hakugeuka.

Kesho yake aliingia kituoni na habari hiyo kabla sijafika getini. Ningejua, ningemfunga mdomo kwa mkono wangu. Maana wale wengine nao wana masanduku, dada. Walikwenda wakayashusha yote rafuni, si Ijumaa, hakuna aliyewaruhusu, wakawa wanayafungua na kuuliza wao wa kwao wanakuja lini.

Alhamisi Mkunga aliniita. Alikuwa anaosha vikombe. Nilimweleza, na nilikuwa nimekwenda na maneno yangu ya kuomba, nimeyapanga njia nzima: mtoto mdogo, pasi, mkono ulioungua. Hakunikatiza. Akasema Karani alikosea kusikia, mimi nikakosea kunyamaza, na sikio la mzee lina udhuru. Akasema kuna mtoto anayesubiri kikombe tangu mwanzo wa mwaka, aliyefiwa kweli, na mwezi ukiisha kikombe cha Chiriku kitakuwa chake. Nikayameza yale maneno ya kuomba yote. Nikasema ni haki. Kisha akanifuta uso kwa kitambaa cha vyombo, kwa nguvu, kama mtoto, akasema nafasi si kitu, nafasi inahamishika, niende nikatazame mlangoni.

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Sanduku mapajani, mkanda kiunoni umezungushwa mara mbili, nywele amejilowesha maji akajichana mwenyewe. Alikuwa amekaa pale tangu jana yake. Akishikwa mkono kwenda kula anasema baba yake asipomkuta hapo atapita moja kwa moja. Kama wa Chiriku anakuja, wake anashindwaje?

Mkunga alinipa adhabu moja tu. Ijumaa nisimame mbele yao niseme mwenyewe, maana mle chumbani ndimo watoto wanamoleta ukweli wao, na mimi ndimo nilimopeleka uongo.

Nilisimama, dada. Mdogo wetu mgongoni, vumbi la mbao linashuka na kupanda, macho yote yale chini yangu. Niliwaambia kwamba mtu mzima aliwadanganya na ni mimi. Kwamba yule mama wa kwenye picha hakurudi kutoka kokote, kwa sababu hakwenda. Kwamba mtu akifa kweli harudi, hata ukijichana. Seremala naye alikuwa ameacha randa. Bibi akasimama, akashika kiuno. Akasema kwa hiyo wake haji. Nikatamani kusema neno lolote jingine, yako mengi, laini, yananing'inia hapo hapo mdomoni. Nikasema hapana, haji. Akauvua mkanda. Akaukunja vizuri, akauweka, akafunika. Halafu akaja akanipiga ngumi ya paja, moja, ya nguvu zake zote, akaegemea hapo hapo alipopiga. Tulikaa hivyo mpaka seremala alipofunga karakana.

Sasa usihuzunike sana kwa ajili ya nafasi. Mkunga, na hasira zake, ameniandikia karatasi ya kwenda nayo shule ya mtaa. Chiriku ametimiza miaka sita, watampokea. Mchana atakuja kukaa nami kazini, mbali na meza ya pasi. Mwenye dobi nimemweleza, na safari hii nimemweleza kwa kumtazama usoni. Kanuna, lakini hajanifukuza.

Kinachobaki ni chako. Chiriku nimemrudia habari ile mara nyingi mpaka imechakaa. Hanibishii. Ananisikiliza kwa adabu, kisha anasema, “Nitamuuliza mwenyewe akija.” Kwa hiyo njoo. Usiache viatu, na usiniletee aibu ya kughairi kwa ajili yangu. Mimi aibu ninayo ya kutosha, haitaongezeka. Njoo kituoni mchana, wakuone wote ulivyo, na pengo lako na goti lako. Atakukimbilia akikuita mama. Mkumbatie, tafadhali, mkumbatie sana, ameingoja hiyo kwa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Lakini kabla hujamweka chini, mwambie wewe ni mama yake mkubwa. Mwambie hivyo hivyo, kwa sauti yako ile ya kugombeza sufuria, asije akadhani ni ndoto.

Mimi nitakuwa pembeni na mdogo wake mgongoni. Najua atakukimbilia wewe kwanza. Nimejiandaa, nitangoja zamu yangu.

Shemeji yako anakusalimu, ingawa haya yote hajayajua bado. Nitamwambia atakapokuja, uso kwa uso. Mtoto mdogo anakuachia alama ya meno pembeni ya ukurasa huu, usidhani ni panya. Jipake dawa gotini. Ukinikasirikia, nikasirikie, lakini usinijibu kwa barua. Nijibu kwa kuja.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,

Mama Chiriku